Kifaa Kibovu Kisimvunje Mtoto Moyo

Akina mama wenzetu, tukisikia neno bisibisi wengi wetu hudhani kwamba hayo ni mambo ya baba na fundi wake, nasi twaendelea na shughuli zetu. Lakini hebu tujiulize: ni nani hasa ashikaye mkoba wa fedha za nyumbani? Ni nani anayefikiria zawadi siku ya kuzaliwa ya mtoto inapokaribia? Ni nani anayeambiwa, "Mama, naomba hela ya bisibisi," naye akajibu, "Bisibisi si zimejaa kabatini?" Ni sisi. Kwa hiyo si vibaya tukikaa kidogo tukazungumza juu ya kifaa hiki, maana tumeona nyumbani kwetu wenyewe jinsi kinavyoweza kumjenga mtoto au kumvunja moyo.

Bisibisi tunayoizungumzia si ile ya ncha bapa, wala ile ya msalaba. Ni ile yenye ncha ya pembe sita, ambayo huingia katika skrubu yenye tundu la pembe sita. Ile iliyopinda kama herufi L mafundi wengi huiita aleni-kii. Hii yetu imenyooka na ina mpini, ili mkono upate kushika vizuri. Wanaoihitaji sana ni watu wanaotengeneza magari madogo ya kuendeshwa kwa rimoti.

Gari la kufunguliwa na kufungwa

Sisi tunaishi kaskazini ya Dallas, katika jimbo la Texas, Marekani, na huku magari hayo ni burudani ya watoto na ya watu wazima pia. Si yale ya plastiki ambayo yakiharibika hutupwa. Gari la namna hii lina mota, betri, gia, difu na shokapu, kama gari la baba. Likigonga ukingo wa barabara, mkono wa gurudumu huvunjika, na mkono huo huuzwa peke yake dukani. Mwenye gari hulifungua, huondoa kilichovunjika, huweka kipya, kisha hulifunga tena.

Burudani hii si ya jana wala juzi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, nalo lilikuwa mfano wa Porsche 934. Huku kwetu, kampuni ya Traxxas ina makao yake McKinney, mji usio mbali nasi. Ndiyo maana uwanjani siku za mapumziko utawakuta akina baba wenye mvi wamepiga magoti kando ya vijana, kila mmoja na bisibisi yake mkononi.

Tuliiruhusu burudani hii nyumbani kwa sababu moja. Baba watoto hufanya kazi zamu ya usiku. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 13, umri ambao kijana huanza kujibu kwa neno moja moja, tena huku ugenini neno hilo huwa la Kiingereza. Wakikaa sebuleni, kimya. Lakini wakiwa kwenye meza ya gereji, mikono ina kazi na macho yanatazama kitu kimoja, maneno huja yenyewe. "Shika hapa." "Legeza kidogo." "Usikaze mno, hiyo ni plastiki." Kukaza na kulegeza, nati na skrubu, kulia na kushoto: Kiswahili hicho chote kijana amekipata pale mezani, si darasani. Basi zile saa mbili za Jumamosi tukaziona kuwa ni mali.

Mtoto hulaumu mikono yake

Gari lenyewe lilikuwa la mkono wa pili, likaja pamoja na kisanduku cha vifaa vya mwenyewe wa kwanza. Vifaa vilikuwa vinang'aa, vya rangi nzuri, tena vingi. Ila ncha zake zilikuwa zimekwisha kulika.

Siku moja gia ndogo ya mota ilitakiwa kubadilishwa. Gia hiyo hushikwa na skrubu moja ndogo sana isiyo na kichwa, imezama yote ndani. Kijana akaingiza bisibisi, akazungusha. Bisibisi ikazunguka, skrubu haikusogea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, ikazunguka tena, na lile tundu la pembe sita likawa duara. Hakusema, "Bisibisi hii ni mbovu." Alisema, "Mama, mikono yangu haifai kwa kazi hii."

Gari likawekwa chini ya kitanda, likakaa huko wiki tano. Jumamosi zikarudi kuwa za kimya.

Sisi akina mama jambo hili tunalijua vizuri kutoka jikoni. Mpe binti kisu butu akate nyanya. Nyanya itapondeka, kisu kitateleza, pengine kitamkata kidole, na wakubwa watasema, "Msichana huyu hajui kupika." Lakini kosa li wapi, kwa binti au kwa kisu? Mtu mzima mwenye uzoefu hukitambua kifaa kibovu mara moja. Mtoto hana uzoefu huo. Yeye hujihukumu mwenyewe, na hukumu hiyo anaweza kutembea nayo miaka mingi. Hapo ndipo bei ya bisibisi inapogeuka kuwa jambo la malezi.

Kwa nini pembe sita

Tulipoanza kuuliza, tulipenda kwanza kujua chanzo chake. Zamani skrubu za kufungia gia kwenye vyuma vinavyozunguka viwandani zilikuwa na vichwa vilivyochomoza nje. Vichwa hivyo vilinasa nguo za wafanyakazi, na wengi waliumia vibaya. Ndipo ikatafutwa skrubu ambayo haina kichwa cha kuchomoza, bali ina tundu ndani yake. Mmoja wa waliozisambaza sana ni William Allen wa Hartford, Connecticut, aliyepata hataza yake mwaka 1910, na jina lake ndilo linaloitwa na mafundi hadi leo. Ile skrubu ndogo iliyomshinda kijana wetu ni mjukuu wa skrubu hizo.

Uzuri wa pembe sita ni kwamba nguvu ya mkono hugawanyika katika pande sita. Lakini hilo ni kweli tu iwapo ncha imelijaza tundu. Ncha ikiwa nyembamba kuliko tundu, pande hazigusani tena. Zinazogusa ni kona peke yake. Kona huchimba, chuma huliwa, na tundu huwa duara. Kwa maneno mengine, kinachoharibu skrubu mara nyingi si uchache wa nguvu, ni ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya ncha na tundu.

Kwanza, tazama kipimo

Magari mengi ya siku hizi hutumia vipimo vya milimita, na vinavyohitajika zaidi ni vinne tu: 1.5, 2.0, 2.5 na 3.0. Ile ya 1.5 ni ya skrubu ndogo zisizo na kichwa, kama ile ya gia ya mota. Ile ya 2.0 na ile ya 2.5 hufungua sehemu kubwa ya gari. Ile ya 3.0 ni ya skrubu nene zaidi. Nati za magurudumu zina kifaa chake kingine, mara nyingi cha milimita 7, na kwa magari makubwa zaidi milimita 17. Hizo tuziache kwa leo.

Hapa pana mtego. Magari mengi ya zamani ya Kimarekani yalitumia vipimo vya inchi, na bisibisi za inchi bado zinauzwa kando ya zile za milimita. Kwa macho zinafanana kabisa. Bisibisi ya milimita 1.5 huingia katika tundu la 1/16 ya inchi, lakini tundu hilo ni karibu milimita 1.59. Nafasi inayobaki ni kama unene wa karatasi, nayo yatosha kuharibu skrubu. Vivyo hivyo, bisibisi ya 3/32 ya inchi ni karibu milimita 2.38. Itaingia katika tundu la 2.5 bila shida, kisha italila. Ni ile ya 5/64 ya inchi na ile ya milimita 2.0 tu ndizo zinazokaribiana mno, kiasi cha kutumika moja mahali pa nyingine bila hasara kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fungua kijitabu cha gari uone vipimo vyake, uviandike kwenye karatasi kama unavyoandika vitu vya sokoni. Na ukute kipimo kimechorwa kwenye mpini wa bisibisi yenyewe, si kwenye boksi tu, kwa maana boksi hupotea.

Pili, ncha ndiyo kifaa

Wauzaji hupenda kutuonyesha mpini. Mpini mwekundu, mpini wa bluu, mpini wa alumini. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumejifunza kutazama ncha kwanza, na mpini baadaye.

Ncha nzuri imetengenezwa kwa chuma kigumu kilichopitishwa motoni, na imechongwa kwa kipimo sahihi. Itazame mwangani: kona zake sita ziwe kali, zisiwe zimeviringika, na uso wa mbele uwe bapa. Ilaze bisibisi ukingoni mwa meza, mpini ukining'inia nje, uiviringishe. Ikiwa imepinda, utaiona ikirukaruka. Kama muuzaji atakubali, iingize katika skrubu mpya ya kipimo chake uitikise kidogo. Ikae imara, isichezecheze kama jino bovu.

Kisha ushike mpini. Uenee katika kiganja cha atakayeutumia, si chako wewe mnunuzi. Kwa skrubu ndogo mpini usiwe mnene mno, maana mpini mnene huongeza nguvu kuliko inavyotakiwa, na skrubu ya milimita 1.5 haihitaji nguvu nyingi.

Utakutana pia na bisibisi ambazo ncha yake ni ya mviringo kama kijipira. Hizi zilienezwa na kampuni ya Bondhus ya Minnesota kuanzia miaka ya 1960, na faida yake ni kwamba zinaingia kwenye skrubu hata mkono ukiwa umekaa upande, mahali ambapo bisibisi iliyonyooka haifiki. Ni nzuri sana kwa kuzungushia. Lakini kijipira hugusa sehemu ndogo tu ya tundu. Kwa hiyo kisitumike kulegeza skrubu iliyokaza, wala kukaza kwa mara ya mwisho. Nunua ile ya ncha iliyonyooka kwanza, ya kijipira iwe ya baadaye.

Majina tuliyoyasikia yakitajwa kwa heshima uwanjani ni MIP ya California, Hudy ya Slovakia, na Wiha na Wera za Ujerumani. Baadhi yao, kama MIP na Hudy, huuza ncha peke yake, ili ncha ikichoka uibadilishe na mpini ubaki ule ule. Hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa.

Fedha zitatoka wapi?

Hapo najua tutatazamana. Kisanduku chenye vipande vingi unaweza kukipata kwa dola 15. Seti ya bisibisi nne nzuri yaweza kufika dola 50, 70, hata zaidi. Sisi tulio ugenini tunajua dola 70 ni nini. Nyumbani kuna mama mkwe anayehitaji dawa, kuna mtoto wa ndugu anayesubiri ada. Hakuna aliye na ruhusa ya kutuita wabahili tunapofikiri mara mbili.

Jioni moja kabla baba watoto hajaenda kazini, tuliketi tukafanya hesabu kwenye daftari. Gia mpya, dola kadhaa. Skrubu mpya, dola kadhaa. Na mota, iwapo gia haitatoka kabisa, ingekuwa ghali kuliko bisibisi zote nne. Tukaona kwamba bisibisi nzuri huuzwa pia moja moja. Basi tukanunua mbili kwanza, ya 1.5 na ya 2.0. Ya 1.5 kwa kuwa ndiyo yenye tundu dogo linaloharibika upesi kuliko yote, ya 2.0 kwa kuwa gari letu linaihitaji zaidi. Nyingine mbili zikangoja mwezi uliofuata. Ada ya mtoto wa ndugu ilikwenda kama kawaida.

Hilo ndilo tungependa kina mama mlishike. Si lazima kununua seti nzima. Moja nzuri ya kipimo kinachotumika kila siku ni bora kuliko ishirini zinazong'aa.

Kazi yenyewe

Skrubu iliyoharibika ilitolewa na baba na mwana pamoja. Skrubu ya gia hutiwa gundi maalumu ya kuzuia isijilegeze, na gundi hiyo hulainika ikipata joto. Wakaigusa skrubu kwa ncha ya chuma cha kuchomelea nyaya, wakangoja dakika mbili tatu. Kisha wakachukua ncha ya nyota, kubwa kidogo kuliko lile tundu lililoviringika, wakaigonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ikashika. Baba akamwambia, "Sasa zungusha wewe." Ikatoka. Tulikuwa jikoni, tukasikia kelele kama za goli.

Tangu siku hiyo wana taratibu zao, na tunaziandika hapa kwa faida ya mama ambaye mume wake yu safarini au hayupo, naye itambidi asimame mezani mwenyewe:

Safisha tundu kabla ya kuingiza bisibisi. Gari limetoka kwenye udongo, na chembe ya mchanga ndani ya tundu huizuia ncha isifike chini. Sindano ya kushonea au kijiti cha meno chatosha.

Ingiza ncha mpaka mwisho, uinyooshe sawasawa na skrubu, bonyeza, ndipo uzungushe.

Skrubu ikirudishwa kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, kama unayefungua, mpaka usikie imedondoka kidogo katika njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Usipofanya hivyo utakata njia mpya, na plastiki itachoka upesi.

Ile gundi ya skrubu ni ya chuma kwa chuma tu. Usiipake kwenye plastiki, kwa maana plastiki nyingine huharibika nayo na kupasuka.

Ukiona skrubu imeanza kulika, ibadilishe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ncha ya bisibisi iliyonyooka ikichoka, fundi anaweza kuisaga mbele kidogo mpaka afike penye kona nzima. Aichovye majini mara kwa mara anaposaga, maana ikipata moto mwingi hupoteza ugumu wake.

Mikono iliyopona

Mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa, alianza kwa kushika taa tu. Sasa ndiye anayepewa skrubu za 1.5, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba na hana haraka. Juzi rafiki wa kaka yake alipokuja na gari lililokwama, akiwa na aleni-kii iliyolika, alishaanza kusema kwamba yeye hajui kazi hizi. Kijana wetu akaichukua ile aleni-kii, akaitazama kwenye mwanga, akamwambia, "Si wewe. Tazama ncha." Akampa yake.

Tuliposikia maneno hayo tuliona fedha yetu imerudi yote.

Basi, mama mwenzetu, mtoto akija kwako akisema hawezi, iwe ni kushona, kupika, kuandika au kufungua gari dogo la rimoti, usiharakishe kumkemea wala kumpa pole. Mwambie kwanza akuletee kifaa anachotumia. Kitazame wewe mwenyewe, penye mwanga. Yawezekana mikono yake haina kasoro yoyote.